Kitambaa cha Bibi

Emery na Agneta,

Samaki ndagala ziko kwa sufuria. Kompyuta ikiwa inawaka musiifunike, na musiniambie hamukuona karatasi hii.

Asubuhi nimeikuta imezimika yenyewe, ya moto kama jiko. Bibi yenu aliifunika na kitambaa chake ili vumbi isiingie. Nilikivuta kwa hasira mbele yake. Alikikunja polepole, akaenda nacho chumbani.

~~Kibaki huko huko.~~

Hapana. Mukimaliza kazi ya shule muizime, mungoje ipoe, mupanguse yale matundu ya hewa. Halafu mumwite Bibi aje aifunike yeye mwenyewe. Kitambaa kile alikifuma tukiwa kambi ya wakimbizi Tanzania, wakati hatukuwa hata na meza ya kukitandika.

Mama