Nilivyomdanganya Mtaalamu wa Mazoezi

Mjukuu wangu Tumaini,

Salamu kutoka Mbeya. Usicheke: mama yako ananiita shangazi, kwa hiyo mimi ni bibi yako, hata kama nimekuzidi mwaka mmoja tu. Huku wote wazima, mahindi tumeshavuna.

Umeniuliza kama mazoezi ya viungo yataondoa maumivu ya mgongo wako, au uyaache tu. Mimi mwenyewe nimechanganyikiwa, ila nitakuungamia jambo ambalo hata mama yangu halijui.

Mwaka jana hospitalini dada mmoja mtaalamu alinipa mazoezi ya mgongo: kulala chali, kukunja magoti, kuinua kiuno. Nyumbani mimi na wadogo zangu tunalala wanne chumba kimoja, nikaona aibu. Sikuyafanya hata siku moja. Niliporudi hospitalini nikamwambia yule dada, "Nafanya kila siku."

"Haya, nionyeshe."

Nikalala chali pale kitandani, nikasahau kinachofuata.

"Mdogo wangu, kwani unayafanyia rohoni?"

Akacheka, mimi nikalia. Basi akalala sakafuni na koti lake jeupe, akaniita kando yake, tukaanza upya.

Maumivu bado yapo, na sielewi kwa nini. Lakini Jumapili nilikaa ibada nzima, mpaka matangazo, bila kutoka nje kunyoosha mgongo. Ndiyo maana siwezi kukwambia uache.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi tandika kitenge chako huko Kilolo. Mimi nitakuwa sakafuni hapa, wadogo zangu wakinicheka.

Bibi yako,
Neema