Mkwe Aliyefundishwa Kupaza Sauti

Dar es Salaam,
9 Februari 2025

Baba yangu mpendwa, Mzee Sedekia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama na mjukuu wenu Tumpe, na kwamba baridi ya huko Soweto, Mbeya, haijakurudishia mafua. Mimi sijambo, ila joto la huku linanikaanga. Mtoto wa Kihesa, Iringa, hakuumbwa kwa jasho hili.

Gwakisa ananicheka kwamba zama hizi za simu mke wake bado anaandika barua kwa kalamu. Nimemjibu kwamba mila ni yenu Wanyakyusa, siyo ya kwetu Wahehe. Ninyi ndio mliosema mkwe wa kike haongei na baba mkwe, hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja. Miaka minne nimeolewa kwenu, na ninachokijua juu yako ni mwandiko wako na kule kukohoa kwako getini, ili nipate nafasi ya kutoka kwa mlango wa jikoni kabla hujaingia sebuleni. Karatasi haikukatazwa, basi naishukuru karatasi.

Na wewe nakushukuru zaidi. Kampuni ya ndege iliponiita kazini, wapo waliosema mwanamke mwenye mtoto mdogo atafute kazi ya chini, ya ardhini. Mama aliniambia ni wewe uliyesema Tumpe abaki kwenu na mimi niende. Nililia jikoni siku ile.

Sasa nikupe habari za kazi. Nilidhani kwa kuwa leseni ninayo, nitakabidhiwa ndege. Wapi! Tumerudishwa darasani. Tunasoma mafuta, umeme na breki za ndege hii moja tu, maana kila aina ina mambo yake. Jioni ndiyo kichekesho: wamebandika ukutani picha ya chumba cha marubani, kubwa kama chenyewe, nasi tunaketi wawili wawili kwenye viti vya plastiki, tunagusa swichi za karatasi na kusomeana maagizo kwa sauti. Anayepita dirishani atasema tumerukwa na akili. Mwenzangu Filemoni alibonyeza swichi moja mpaka ukuta ukaonekana.

Tukimaliza hapa tunapelekwa Afrika Kusini kwenye mashine inayoigiza ndege. Tuombeeni.

Mkweo mtiifu,
Mama Tumpe


Soweto, Mbeya,
2 Machi 2025

Mwanangu Mama Tumpe,

Marahaba. Ndaga fijo, asante sana, kwa barua yako, Gwakisa kaileta na nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mama yako asikie. Sisi wazima. Goti la mama yako linasumbua ila mdomo wake hauna shida yoyote. Tumpe anakula ndizi za kupika mpaka tumbo linatangulia mlangoni. Jicho langu la kulia limeingiwa na ukungu, nasoma kwa kuinamisha karatasi, lakini usiwe na wasiwasi.

Umeniponza. Nilishatangaza usharikani kwamba mkwe wangu anarusha ndege, kumbe anapapasa ukuta! Jumapili hii nilipoulizwa unakwenda wapi na wapi, nilijibu bado unapasha injini. Mungu anisamehe.

Usinishukuru sana kuhusu Tumpe. Nilikuwa bwana shamba karibu maisha yangu yote, nikizunguka milimani kuwaambia watu wapeleke binti zao shule. Ningekukatalia wewe, uso wangu ningeuficha wapi? Halafu nyumba ilikuwa imepoa, sasa ina kelele. Shukrani ni yetu.

Hata kama hupo, bado nakohoa getini. Mama yako ananiuliza namkoholea nani.

Baba yako,
Sedekia


Johannesburg,
6 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo nyumbani? Jicho linaendeleaje? Mwili wangu hauumwi, lakini moyo haujatulia, nami sitaki usikie kwa mtu mwingine. Nimeipiga picha barua hii, Gwakisa aichapishe steshenari akuletee.

Jana nimeanguka mtihani.

Mashine hii ni chumba kizima kinachosimama juu ya miguu ya chuma, kinainama na kutetemeka mpaka unasahau uko ardhini. Wanakuwashia moto injini, wanakuzimia taa, wanakuletea dhoruba, na unatoka umelowa. Hayo yote niliyaweza. Jana mwalimu alikaa kiti cha kapteni, mimi kiti cha kulia cha rubani msaidizi. Tukawa tunatua kwenye ukungu. Sheria ni kwamba ndege ina kimo chake: mkifika hapo hamjauona uwanja, hamshuki tena hata kidogo. Mwalimu akapitiliza kile kimo kwa makusudi, anipime. Kazi yangu ilikuwa kusema maneno mawili ya Kiingereza ambayo maana yake ni acha kutua, panda tena. Mtu yeyote kati yetu akiyasema, hata aliyeajiriwa jana, ndege inapanda kwanza, mengine baadaye.

Sikuyasema. Niliona kimo kinapita, niliona kila kitu. Mwalimu ni mzee, ana mvi kama zako. Ulimi uligoma. Nilisubiri ajionee mwenyewe, kama ninavyosubiri jikoni, na mashine ikapiga kelele kwamba tumeigonga ardhi.

Mwalimu hakunifokea. Alisema ujuzi ninao, lakini rubani msaidizi anayenyamaza ni sawa na kiti kitupu. Ijumaa narudia. Nikishindwa tena wananirudisha nyumbani, na kazi ndiyo imekwisha.

Baba, sikulaumu na wala silaumu mila. Najua tu kwamba miaka minne nimejifunza kunyamaza mbele ya mzee, na nimejifunza vizuri mno. Niombee.

Mkweo,
Rozalia


Soweto, Mbeya,
7 Aprili 2025

Mwanangu Rozalia,

Marahaba, na pole sana. Sisi hatujambo, jicho liache kwanza. Barua yako imefika leo na hii naiandika huku Gwakisa amesimama mlangoni na simu yake, aipige picha ikiwa bado mbichi.

Nitasema kweli, barua yako iliniuma. Nilitaka kukasirika. Nikatoka nje, nikazunguka nyumba, nikarudi nimekumbuka jambo la nyumbani kwetu Tukuyu ambalo sijawahi kumsimulia Gwakisa mwenyewe.

Marehemu mama yangu alimkwepa babu yangu, baba mkwe wake, tangu alipoolewa. Akimsikia njiani anaingia migombani. Siku moja amejificha hivyo hivyo, babu akawa anainama kuokota mkungu wa ndizi alioukata. Mama akaona nyoka amejikunja chini ya ule mkungu. Akapiga kelele: "Baba, rudi nyuma!" Mpaka majirani wakasikia. Babu akaruka kando. Wanaume wakakusanyika, wengine wakaanza kusema mkwe kavunja mwiko, atoe faini. Babu akawauliza kama walitaka yeye afe kwa heshima. Akatuma kuku kwa mama, asante. Kesho yake wakaendelea kukwepana kama kawaida mpaka babu alipofariki.

Basi mila yenyewe ninayoijua mimi ndiyo hiyo, nayo haijawahi kumtaka mtu anyamaze mbele ya nyoka.

Sasa fanya ninachokuagiza, na hili ni agizo la baba. Chukua simu, urekodi yale maneno mawili, uyapige kelele kwangu mimi. Siyo kwa Gwakisa, siyo kwa mama yako. Kwangu. Sema kwa Kiingereza chao, maana yake sitaijua lakini nguvu yake nitaijua. Ukiweza kunipigia kelele mimi, huyo mwalimu atakushinda nini?

Baba yako,
Sedekia


Johannesburg,
12 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo? Mimi leo sijambo kuliko siku zote.

Nimefaulu! Jana mwalimu alipopitiliza kimo, nilisema kabla hajamaliza kupumua. Alisema nimemtoboa sikio.

Ile rekodi niliirudia mara nyingi chooni kabla ya kuituma. Gwakisa ananiambia ulikwenda kuisikiliza nyuma ya nyumba peke yako, umevua kofia, na mbwa alikimbia. Sijui nikushukuruje. Tangu niolewe hujawahi kusikia sauti yangu, na ulipoisikia mara ya kwanza ilikuwa inakuamrisha. Asante, Baba. Asante sana. Mungu akutunze.

Mkweo,
Rozalia


Dar es Salaam,
11 Januari 2026

Baba mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Natumaini barua hii itawakuta salama hapo mlipofikia Mbagala kwa shemeji, na kwamba jicho lililofanyiwa upasuaji limeanza kuona. Tumpe amefurahia bahari? Mimi mzima, ila nimechoka uchovu mtamu.

Samahani kwa ukimya, na kwa kutofika Mbagala kuwaona; zamu hazijaniachia. Kumbe baada ya mashine ndiyo kazi inaanza. Miezi yote hii narusha abiria halisi nikiwa na kapteni mkufunzi pembeni, na mwanzoni rubani wa tatu alikaa nyuma yetu akinitazama kisogo. Wageni tuko mkiani kwa kila kitu: Krismasi nilikuwa kazini, Mwanza, nikala pilau ya hoteli nikitazama picha za Tumpe. Siku za zamu ya kusubiri nakaa nimevaa sare, begi mlangoni, simu mkononi, na pengine siitwi kabisa. Lakini asubuhi tukitoka juu ya mawingu na jua likitupiga usoni, najikuta nacheka mwenyewe.

Sasa jambo lenyewe. Mama ameniambia mnarudi Mbeya Jumanne kwa ndege. Baba, Jumanne ndege hiyo narusha mimi, na ndiyo siku ya mtihani wangu wa mwisho, pamoja na Kapteni Gerson, ndiye atakayenipima. Nikipita, nakuwa rubani kamili wa kampuni. Nikianguka, sijui.

Tutakuwa chini ya paa moja, wewe na mimi. Kama hilo ni zito kwako, nitakubadilishia tiketi iwe ya Jumatano, wala sitaona vibaya. Nijulishe kupitia kwa Mama.

Mkweo,
Rozalia


Soweto, Mbeya,
18 Januari 2026

Mwanangu Rozalia,

Marahaba. Sisi tumefika salama, Tumpe anamsimulia kila mtu habari za mawingu, na mama yako anakusalimia. Jicho langu limefunguka kabisa, naona mpaka mende aliye ukutani kwa jirani.

Kama ulivyoona, tiketi sikubadilisha. Nilijiambia mna mlango wenu wa kujifungia huko mbele, na mlango ukifungwa hiyo ni nyumba nyingine. Mama yako akasema natafuta sababu tu. Nilipanda nimeinamisha kichwa, nikakaa karibu na bawa.

Hujui ilivyokuwa huku nyuma, acha nikueleze. Tulikuwa tunashuka uwanja wa Songwe, hapa Mbeya, nje kumekuwa kweupe kama ndani ya gunia la unga. Tukashuka, tukashuka. Mara injini zikanguruma na ndege ikainua pua. Watu walipiga yowe. Mama mmoja akaanza kukemea pepo. Mimi nilitulia, nikamwambia mama yako, "Amesema." Akauliza nani amesema nini. Nikamwambia mkwe wako.

Ndipo sauti yako ikaja kwenye spika, kwa Kiswahili kitulivu, kwamba uwanja haukuonekana, kwamba kupanda tena ndivyo mlivyofundishwa, na kwamba tunakwenda kutua Iringa tusubiri hali ya hewa. Yule mama akaacha kukemea. Nilitaka kusimama niwaambie wote huyo ni wa kwangu. Tumpe akanitangulia, akasema kwa nguvu, "Huyo mama yangu!"

Pale Iringa, Kapteni Gerson aliposimama chini ya ngazi nilimwendea, nikajitambulisha. Ana mvi kunizidi. Akasema tulipofika kwenye kimo alidhani ameona taa, akataka kuendelea kidogo, wewe ukasema, akapanda. Haikuwa taa, mzee, akaniambia. Nikauliza kama umepita. Akasema ukishuka utasalimiwa kama rubani, siyo mwanafunzi. Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili.

Sasa nifike panaponiuma. Tulipoambiwa ndege italala pale mpaka kesho, baba yako mzazi alikuja kutuchukua akatupeleka Kihesa. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwenu, nimepewa chai, nawe ukaingia na sare yako ukidhani tumelala hotelini. Ukaniona. Ukajifunika uso kwa kofia, ukapiga magoti, ukarudi kinyumenyume mpaka jikoni.

Mwanangu, nilikuwa na neno la kusema. Nililibeba tangu angani. Nilikuona uso mara ya kwanza, kwa jicho hili jipya, na nilitaka kusema kaa hapa, unywe chai na baba yako. Mimi niliyekuagiza unipigie kelele, ulimi wangu uligoma. Nikakaa pale nakikodolea macho kikombe mpaka nikasikia mlango wa nyuma umefungwa. Usiku kucha nililifikiria hilo.

Jana nimewaita ndugu zangu hapa nyumbani. Nimewaambia mimi na mkwe wangu tutaongea, na tutakula meza moja. Wawili wamekubali. Mmoja amenuna na kuondoka bila kuaga, atarudi akisikia njaa. Sijaitupa mila ya baba zangu. Nimeona tu kwamba kwangu mimi imeshafanya kazi yake, na sasa inaninyima mtoto.

Ndaga fijo kwa kutupandisha siku ile. Watu wote wa ndege ile walikwenda makwao, na wengi hawajui wamshukuru nani. Mimi najua, na sitaki shukrani yangu ibaki kwenye karatasi.

Kwa hiyo barua hii usiijibu. Namba yangu Gwakisa anayo. Ukiwa umepumzika, piga, usimwombe mama yako akupe habari zangu. Nitapokea mwenyewe.

Baba yako,
Sedekia