Hapo ni pa Rahila

Ibra, Sharqiya
Oman
9 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Rahila,

Shikamoo. Hujambo huko Unguja? Natumai goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Sisi Alhamdulillahi, wazima, na baridi imeanza kuingia. Nakuandikia karatasi kwa sababu kwenye simu, nikilitaja jina la mama tu, wewe hukata.

Basi leo utasoma. Mama anasahau. Wajukuu anawachanganya, na juzi alinikaribisha mimi kama mgeni, akaniuliza nimetoka kwa nani. Nililia jikoni. Lakini zile nyimbo za lelemama mlizokuwa mkirushiana maneno kwazo harusini, wewe na yeye, mtu na wifi yake, zote anazo. Mabinti wa hapa wanataka kuzicheza tena na hakuna anayezijua, ndipo tukaamua zirekodiwe.

Mkwe wangu Yaqoob ana studio Nizwa. Mama akajifukiza udi, akavaa dhahabu yote, kana kwamba maikrofoni ina macho. Akaanza: "Wifi kapika birinzi, paka kala akanuna." Niwie radhi, mimi naeleza tu. Kisha akanyamaza. Yaqoob akakagua nyaya, mwisho akadhani bibi kalala. Mara mama akashika ubeti mwingine, akanyamaza tena.

Yaqoob, mtoto wa watu, hajui Kiswahili. Akaziondoa zile nafasi za kimya ili wimbo uende. Mama alipousikia alimjia juu: "La, la! Hapo ni pa Rahila. Nishamwambia langu, naye hajanijibu. Nani kakwambia umkatize?" Nikamfasiria Yaqoob, nikiyaruka matusi, na kimya kikarudishwa chote.

Nilimwomba mama aziimbe na beti zako. Akanitazama kama nimemtuma kuiba.

Sasa rekodi nimempelekea mwanao Khalaf. Sikiliza, uimbe majibu yako kwenye simu yake. Ukiwa na hasira ndiyo vizuri zaidi.

Wasalimie Khalaf na Wijdan na majirani. Mama amekataa kukupa salamu. Anasema zako zimo ndani ya wimbo. Mungu akupe umri na pumzi.

Kila jioni tunamwekea mama rekodi hiyo. Ikifika pa kimya hutuinulia kidole tusiseme, husikiliza, kisha huniambia, "Bado anafikiri." Mjibu, Shangazi, angali anakungoja.

Mwanao akupendaye kwa dhati,
Ghalia