Dada Yetu Juu ya Mizani ya Nta

Isevya, Tabora,
14 Agosti 1957.

Mpendwa mdogo wangu Hilari,

Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu Pasaka. Sikuwa mgonjwa wala mvivu; nilikuwa na hasira, na sikutaka kukuandikia kabla haijapoa. Sasa nimeona hasira haipoi, basi naandika nayo. Je, hujambo? Josepha na watoto hawajambo huko Morogoro? Kifua chako kimepona? Sisi tu wazima, isipokuwa dada yetu Eustadia.

Hujui habari zake, kwa maana alinikataza kukuambia. Tangu alipomzaa mtoto wa saba, mkojo humtoka akikohoa, akicheka au akiinua mchi kutwanga. Ndiyo sababu aliacha kuja kanisani. Nami, mwalimu wa dini, nilimkaripia mbele ya wanawake wenzake kwamba ni mvivu wa kusali. Mungu anisamehe; Pasaka ndipo aliponieleza yote.

Mwaka juzi alikwenda hospitali peke yake. Dresa wa mlangoni, msaidizi wa daktari, alimtazama tu, akamwambia, "Mama, punguza mwili kwanza, ndipo umwone daktari." Akamwagiza akapimwe uzito kwenye ghala la mfanyabiashara Humaidi, penye mizani ya kupimia nta ya nyuki, kwa kuwa ile yao ni ndogo. Wapagazi waliacha mizigo yao wakapiga kelele: "Frasila sita na nusu! Nyuki gani hao?" Humaidi aliwafukuza kwa bakora, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kufika sokoni.

Hata hivyo alijaribu kupungua. Kashindye, mama mkwe wake, alipoona samli haiguswi, akaja juu: "Unataka watu waseme kwa mwanangu Bundala kuna njaa?" Unajua desturi yetu: unene wa mke ni sifa ya nyumba ya mumewe. Sahani ikarudishwa mbele yake mpaka aimalize. Huku anafukuzwa kwa unene, huku anagombezwa kwa kukonda. Miaka miwili, Hilari!

Mwezi uliopita nilimpeleka mwenyewe, nikampita dresa bila kumwamkia. Daktari alimpima vizuri. Alisema hana tundu kwenye kibofu wala hakurogwa. Nyama zinazoshikilia kibofu zimelegea kwa uzazi, na uzito unazielemea. Anaweza kumpasua, akakiinua kibofu na kukishona mahali pake. Hakuficha kitu: kwa mtu mnene dawa ya usingizi ina hatari zaidi, kidonda hukawia kupona, na huenda mkojo usikome kabisa. Kupungua kidogo kungemfaa, lakini si sharti. Akauliza kwa nini mgonjwa huyu hakuletwa mapema. Nikamwambia amwulize dresa wake.

Sasa inatakiwa alama ya kidole gumba cha mume, na Bundala amekataa. "Mke wangu si mbuzi wa kupasuliwa," ananiambia, "na mkojo haujamwua mtu." Ni Bundala huyo huyo aliyehamishia kitanda chake chumba kingine kwa sababu ya harufu! Nilisimama nikaondoka, nisije nikampiga mtu mzima mwenzangu.

Nilimwuliza Eustadia kama anaogopa kisu. Akanijibu, "Kaka, unene wanausifu wao, nguo nazifua mimi. Nipeleke."

Jumapili baada ya Misa wakwe wanakuja kwangu. Bundala akikataa tena, dada yetu hatarudi kwake, nami nitatia sahihi badala ya mumewe; daktari amekubali. Mwishoni mwa Septemba daktari huyo anakwenda likizo kwao, kwa hiyo hakuna nafasi ya maneno mengi. Tafadhali usiniandikie kunisihi nitulie.

Katarina mke wangu anawasalimu nyote. Msalimie Josepha, na mjomba Justus ukimwona. Shikamoo za watoto nimezipokea, waambie marahaba. Mungu awalinde na awape afya, na kinywa cha kusema mkiumwa.

Uamuzi ukishapatikana nitakuandikia siku hiyo hiyo. Eustadia yuko hapa kwangu tangu juzi. Nguo zake za hospitali amekwisha kuzifunga.

Kaka yako akupendaye hata katika hasira,
Nikolaus