Zimwi la Pointi Thelathini

Ruiru, Jumapili, Agosti 1996

Nimekasirika hata chai imenishinda.

Wiki tatu nimeandika hadithi ya mchezo wetu wa kuigiza kwa maneno na dadu, mmoja anaongoza na wengine wanakuwa wahusika: msichana ameolewa na mwanamume mzuri, kumbe ni zimwi, lina mdomo wa pili kisogoni. Wachezaji ni dada zake waliomfuata. Leo tulikutana kwa Wambui, Makongeni, kuchagua sheria za kuuchezea. Njoroge alikuja na kitabu cha Kizungu alichotoa kopi, kimejaa mapanga, kila kiumbe na pointi zake za uhai, zikiisha kimekufa.

Mimi nilitaka sheria zangu. Ukirusha dadu ukashindwa, unaliachia zimwi kitu chako: sauti, kivuli, jina la mama yako. Wambui aliposikia hivyo alijishika shingo. Nilifurahi.

"Sasa hili zimwi lina pointi ngapi?" Njoroge akauliza.

"Halina."

"Aii, Nyambura! Tutaliua aje?"

"Hamliui. Mnamtorosha dada yenu, mkiweza."

"Huu ni mchezo ama ni ndoa ya auntie yangu?"

Walicheka wote, hata Wambui. Wakachagua kitabu. Zimwi langu likapewa pointi thelathini, na kabla ya saa kumi Njoroge alikuwa amelikata kichwa, wanagawana dhahabu ambayo sikuwahi kuiandika.

Hakuna aliyeuliza dada yao yuko wapi.

Jumamosi wanataka zimwi kubwa zaidi. Nikikataa, Njoroge ataongoza, na yule msichana atabaki pangoni mwa zimwi.

Nitaongoza mimi. Kwa sheria zangu, hata kama atakuja Wambui peke yake.