Nimemkuta Saidi Barabarani

Gisenyi

Mama yangu, shikamoo. Nimefika salama kwa shangazi, ila kwa njia nyingine. Wanachimba barabara mpya mlimani na ile ya zamani wameifunga, kwa hiyo lori letu lilisimamishwa hadi mawe yaondolewe. Mvua ilinyesha, baridi kali! Mpishi wa wachimbaji akatuita bandani kwake tule viazi vya moto na samaki. Nikaonja, nikashangaa: tangawizi na ndimu, mapishi yako kabisa.

"Nani alikufundisha?" nikamwuliza.

"Mama yangu njo alinifundisha. Iko Usumbura."

Usumbura, kwetu! Nikamtazama vizuri, na ndevu zake zote. Mama, ni Saidi! Kaka yangu tuliyemsomea hitima tukidhani amekufa! Tulikumbatiana tukilia mpaka dereva akachoka kupiga honi. Anasema miaka yote hiyo aliona haya kurudi mikono mitupu.

Ijumaa anapewa ruhusa, tunakuja naye. Ameniomba nikuulize kama bado umemkasirikia. Nimeshamjibu kwa niaba yako, usiniangushe.

Mungu akutunze, mama, mpaka utushike wote wawili.

Mwanao, Mariamu