Nimemsimulia Mzee Mwisho wa Kitabu Nisichokimaliza

Mpendwa Shangazi Adela, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Ijumaa ijayo, maana Ijumaa ikinikuta bila ushauri sijui uso wangu nitauweka wapi. Mimi ni mwalimu wa Hisabati, kwetu ni Sumbawanga, huu ni mwaka wangu wa nne kwenye sekondari moja huku Makwale, wilayani Kyela, na nakiri mbele yako kwamba vitabu vya hadithi si fani yangu, mimi nipe namba.

Sasa shuleni kwetu kuna utaratibu alioanzisha Mwalimu Doreen, anayesimamia maktaba, kwamba kabla ya kufunga shule mwezi wa sita kila mfanyakazi, kuanzia mkuu wa shule hadi mlinzi, anataja kitabu kimoja cha maktaba ambacho angependa wanafunzi wakakisome likizo, anakiandika na sentensi moja ya sababu kwenye karatasi ya manila inayobandikwa mlangoni, na shule ikifunguliwa tunakaa na chai ya rangi na ndizi za kuchemsha, kila mmoja anazungumza na waliosoma kitabu chake. Mlinzi wetu Mzee Ambwene alitaja kitabu cha ufugaji wa nyuki, mpishi wetu Mama Lucy akataja hadithi za sungura akasema ndizo zilizomfundisha kusoma akiwa mtu mzima, na mimi kuona wenzangu wameandika vizuri hivyo, na Mwalimu Doreen amesimama pale na kalamu ananisubiri, nikaandika riwaya moja ya ndugu wawili waliogombana, nikaongeza kwa mwandiko wa kupendeza, "Mwisho wake sitausahau mpaka naingia kaburini." Shangazi, mwisho wenyewe sikuwahi kuufikia. Nilikiazima chuoni, nikavuka nusu, mitihani ikaingia, nikakirudisha.

Kitabu kikachukuliwa na Kisa, binti wa kidato cha tatu anayeishi na babu yake, Mzee Hezroni. Likizo hiyo ndiyo wakati wa mavuno ya mpunga, kwa hiyo kila wakianika mpunga kwenye turubai babu anakaa na fimbo ya kufukuzia kuku na Kisa anamsomea kwa sauti, siku kwa siku, mpaka wakafika mwisho wakakuta mchwa wamekula karatasi zote za mwisho. Mzee akasema apigiwe mwalimu, si ameandika hatausahau? Simu ilinikuta kwa kinyozi kule Mbugani, nimefungwa kitambaa shingoni, wateja wote wamenyamaza wananisikiliza, na mzee mwenyewe yuko hewani, ananisalimu kwa Kinyakyusa: "Ugonile, mwalimu. Hebu tumalizie. Yule mdogo alimwendea kaka yake, au hakumwendea?"

Badala ya kusema sijui, nikatunga. Nikasema mdogo aliamka asubuhi, akambeba jogoo wake mkubwa, akaenda bila kutuma taarifa, kaka akafungua mlango, wakachinja, wakala, na habari ya ugomvi hakuna aliyeigusa. Mzee akasema, "Ndaga fijo, mwalimu. Asante sana," akakata.

Sikujua, Shangazi, kwamba Mzee Hezroni naye ana kaka yake, Mzee Andongwisye wa kule Ngana, na kwamba hawajasemezana miaka tisa, tangu mama yao alipofariki kaka yuko Malawi kwenye biashara, na mdogo akaruhusu maziko yafanyike bila kumsubiri. Kesho yake mzee wa watu kapanda bodaboda na jogoo kwapani mpaka Ngana. Mlango ukafunguliwa! Wakala, na habari ile hawakuigusa. Sasa Mzee Andongwisye anakuja Makwale kila Jumapili baada ya ibada, na Kisa anasema babu yake ameanza kuimba akiwa anaoga, jambo ambalo yeye hajawahi kulisikia tangu azaliwe. Nisikufiche, nimefurahi, tena nimefurahi mpaka najionea haya.

Tatizo sasa ni kwamba Mwalimu Doreen amepata nakala nzima kutoka Mbeya, akanipa mimi kwanza, "kwa kuwa wewe unakipenda sana." Nimeusoma mwisho wa kweli wakati wa chai, na chai yenyewe ilinishinda. Mdogo anakwenda kweli, anagonga, na jirani anatoka kumwambia kaka yake alishazikwa tangu masika. Basi, kitabu kimeishia hapo. Na Ijumaa wazee wote wawili wanakuja kwenye kikao chetu kuishukuru shule, na Mzee Hezroni ameomba mwisho ule asomewe upya, kaka yake naye ausikie. Nikisoma, naumbuka, na pengine navunja udugu uliojengwa juu ya uongo wangu. Nimewaza kusema nakala imepotea, nimewaza hata kusimama nayo mbele yao nijifanye nasoma kumbe natunga. Nifanye nini, Shangazi?

Ni mimi, Mwalimu W., Makwale.

SHANGAZI ADELA ANAJIBU

Marahaba, Mwalimu. Nimecheka kwanza, hasa hapo kwa kinyozi, unisamehe. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Mwanafunzi wako akikuandikia jibu bila kuonyesha njia, unampa alama? Najua humpi, nimezaa watoto wanne na wote wamepita kwa walimu wa namna yako. Basi na wewe umeandika jibu, njia huna. "Sijui" ni neno jepesi, na Kisa angekuheshimu zaidi akilisikia kwa mwalimu. Umeona aibu ya dakika moja mbele ya kinyozi na wateja wake, ukajinunulia ya mwezi mzima. Na hilo la kushika kitabu ukajifanya unasoma lifute kichwani leo hii. Kisa atakuwa amekaa mbele, na kusoma anajua. Njia ya mwongo ni fupi.

Lakini pia usijipe ukubwa usio wako. Udugu umejengwa juu ya uongo wako, nani kakwambia? Mtu hapandi bodaboda na jogoo kwapani kwenda kumaliza miaka tisa kwa sababu tu kuna mwalimu kamwambia kwenye simu. Rudia swali alilokuuliza. Hakuuliza kitabu kinaishaje. Aliuliza mdogo alimwendea kaka yake au hakumwendea. Huyo alikuwa ameshavaa viatu, Mwalimu, anatafuta wa kumwambia nenda. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Wewe mavuno yako mbele yako na umesimama unalia na kapu mkononi.

Usisubiri Ijumaa. Mzee hatakiwi kugundua jambo hili mbele ya wanafunzi, ni kumkosea adabu mara ya pili. Nenda nyumbani kwake Jumapili hii, kaka yake akiwepo, na ile nakala nzima mkononi. Ukikaribishwa chakula kula, usijifanye umeshiba. Kisha sema: "Babu, ule mwisho niliutunga, nilikuwa sijausoma." Uishie hapo, usiizungushe ikawa hotuba. Akikasirika, pokea. Akikucheka, pokea vilevile. Na Kisa umwombe radhi kwa jina lake, maana yeye ndiye aliyekuamini wa kwanza, kabla ya babu.

Ile sentensi yako ya kaburini ukaikate kwenye manila, uandike kwa mkono wako, "Nilikuwa sijafika mwisho. Sasa nimefika." Hapo ndipo utaona wanafunzi watakavyokigombania. Mwalimu Doreen mwambie mwenyewe kabla hajayasoma mlangoni. Umemtaja mara tatu katika barua ya wazee wawili, na mimi sijauliza kitu.

Limebaki la mwisho wenyewe, unaoogopa utawavunja. Hautawavunja. Mzee Andongwisye alifika nyumbani akakuta mama yake ameshafukiwa. Kuchelewa hakuna wa kumfundisha. Na mdogo wake ndiye aliyeona uso wake siku ile. Hao wawili wanaujua ukurasa huo kuliko aliyeuandika, na kwa miaka tisa walikuwa wakielekea hukohuko.

Kwa hiyo wasomee, Jumapili hiyohiyo, hapo hapo uani. Soma polepole, usiruke neno, mpaka pale jirani anapotoka kusema kaka alishazikwa. Kisha funga kitabu unyamaze. Mzee Hezroni atageuka kumtazama kaka yake, na kaka yake atakuwa amekaa palepale kwenye kigoda, anamalizia wali.